Kweli au Uongo: Yasemwayo Ufukweni

"Pomboo wanapenda boti, ndiyo maana huzisogelea."

Uongo, kwa sehemu kubwa. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, watafiti wamewafuatilia pomboo na kuona kwamba boti na waogeleaji wakiwazonga, hupunguza muda wa kupumzika na wa kutafuta chakula. Manahodha wengi wanalijua hilo kuliko wageni wao. Lakini anayezima injini na kusubiri kwa mbali humwona mwenzake akipita na kuwarusha wageni majini katikati ya kundi, na bakshishi inakwenda huko. Ustaarabu wa nahodha mmoja haumfai pomboo wala haumlishi nahodha. Ni lazima wakubaliane wote, pamoja na papasi wanaowatafutia wageni na hoteli zinazouza safari, na anayevunja makubaliano akose zamu ya kubeba wageni.

"Kufunga kipande cha bahari ni kumnyima mvuvi riziki."

Inategemea nani amefunga. Mpaka ukichorwa ofisini bila wavuvi kuulizwa, malalamiko yao ni ya haki, na usiku nyavu zitaingia tu. Kuruwitu, Kilifi, mambo yalikwenda kinyume: katikati ya miaka ya 2000 wanakijiji wenyewe, wakiwemo wavuvi, walitenga kama hekta 30 za bahari yao. Samaki wakiachwa wakue, huzaana, na wengine huvuka mpaka hadi kwenye mitego ya nje. Wageni nao huja kupiga mbizi.

"Maji ya hoteli ni shauri la hoteli."

Uongo, na huu ndio unaoniudhi zaidi. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Maji baridi chini yake ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Hoteli ikivuta kupita kiasi kwa ajili ya bwawa na bustani, chumvi hupanda hadi kwenye kisima cha jirani. Shimo la choo likivuja, uchafu hupita kwenye matundu yaleyale mpaka kwenye mwamba ambao wageni walisafiri kuja kuuona. Hoteli moja ikijenga mtambo mzuri wa majitaka huku ya pili yake ikiacha yatiririke, bahari haitatofautisha.

"Watalii wanaweza kulipia ulinzi wa bahari."

Kweli. Kisiwa cha Chumbe, hifadhi tangu 1994, kina nyumba saba tu za wageni, hutumia maji ya mvua na vyoo visivyohitaji maji, na waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi wake. Ila mwaka 2020 ndege zilisimama kwa sababu ya korona, na kila hifadhi inayotegemea wageni ikaonja ukame. Ndiyo maana napenda mfano wa Gazi, Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ukaa ya hekta 117 za mikoko tangu 2013, na fedha kuingia kwenye maji na shule za kijiji. Mikoko haisubiri msimu wa watalii.

"Kumtoa kiti cha pweza majini kwa picha moja hakumdhuru."

Uongo. Hupumua humohumo majini. Mwache alipo, hata kama ni nahodha wako anayekuwekea mkononi.