Fahamu: Shibe ya Njombe na hali ya moyo

Njombe ni mkoa wa shibe. Viazi, mahindi, maharage, maziwa na parachichi vipo, na mjini Makambako malori hupakia mazao usiku na mchana. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Tumbo linajaa, lishe haikamiliki.

Pengo hilo hugusa hisia pia. Ubongo hutengeneza serotonini, kemikali inayohusika na hali ya moyo, kutokana na triptofani iliyomo kwenye protini. Mahindi yana triptofani kidogo; maharage, mayai, maziwa na dagaa huongeza. Upungufu wa madini ya chuma nao huleta uchovu ambao majirani huuita uvivu. Chai, fahari ya Njombe, ikinywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Isubiri kama saa moja. Na ulanzi, pombe ya mianzi? Huchangamsha jioni tu. Pombe ikizoeleka huzidisha huzuni na kuvuruga usingizi.

Je, kubadili mlo husaidia? Nchini Australia, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa baadhi ya wagonjwa wa sonona ushauri wa lishe kwa wiki 12. Takriban theluthi moja yao waliondokewa na sonona, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mtu wa kuzungumza naye. Washiriki walikuwa 67, wachache mno kudai kwamba mboga ni dawa. Huzuni ikikukalia wiki mbili, nenda kituo cha afya, na usiache dawa ulizoandikiwa.