Kengele ya jeki ikilia, chunguza kabla ya kukata waya

NI alfajiri katika kambi ya magari nchini Marekani. Mzee na mkewe wamefunga virago, wamepandisha jeki za gari lao na wako tayari kurejea barabarani. Lakini mara tu dereva anapoachilia breki ya kuegeshea, kengele inaanza kulia na taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi kuashiria kwamba jeki bado ziko chini.

Hali hii huwakumba mara kwa mara wamiliki wa motohomu, yaani magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo, ambayo Wamarekani wengi, hasa wastaafu, hutumia kuzuru nchi yao. Baadhi yao hushawishika kukata waya wa kengele na kuendelea na safari.

Huo ni uamuzi wa hatari. Jeki iliyoning'inia ikigonga tuta au ukingo wa barabara gari likiwa kasini huweza kupinda, kung'oka na kumwaga oili yote barabarani.

Motohomu kubwa huwa na uzani wa kati ya tani 6 na zaidi ya tani 13. Zinapoegeshwa, jeki 3 au 4 za haidroliki zilizofungwa kwenye chasisi huteremshwa ili kulisawazisha gari hata kama ardhi ina mteremko.

Usawa huo si suala la usingizi mwanana pekee. Friji nyingi za magari hayo hutumia joto la gesi au la umeme kuzungusha mchanganyiko wa amonia na maji bila pampu. Gari likiinama mno, mzunguko huo hukwama, friji huacha kupoza na hatimaye huweza kuharibika kabisa.

Mtambo wenyewe si mgeni kwa yeyote aliyewahi kuona tipa ikimwaga mchanga. Mota ya umeme wa volti 12 huzungusha pampu, pampu husukuma oili kutoka tangini, na vali huielekeza kwenye jeki inayohitajika. Hapo fimbo ya jeki hushuka hadi ikagusa ardhi.

Tofauti hujitokeza wakati wa kurudi juu. Katika aina ya kwanza, vali hufunguka na springi nene huivuta jeki huku oili ikirejea tangini. Katika aina ya pili, pampu yenyewe ndiyo husukuma oili upande wa pili ili kuipandisha jeki.

Kengele nazo hutegemea aina hizo. Ile ya springi aghalabu huwa na swichi kwenye kila jeki inayotambua iwapo fimbo imerudi hadi mwisho. Ile ya pampu mara nyingi hupima shinikizo la oili. Shinikizo likishuka, mtambo hudhani kwamba jeki zimeanza kuteremka.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza kwa dereva si kufungua kisanduku cha fyuzi bali ni kushuka na kutazama. Azunguke gari lote, ainame kando yake na kuhakikisha kila jeki imerudi juu kikamilifu. Pengo dogo tu latosha kuiamsha kengele.

Iwapo kweli jeki moja haijarudi, sababu ya kawaida ni uchafu na kutu. Katika majimbo ya kaskazini, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji wakati wa baridi hula chuma na kudhoofisha springi. Fimbo ikikauka, springi iliyochoka hushindwa kuivuta.

Tiba yake ni kuifuta fimbo kwa kitambaa safi, kuipulizia silikoni, kisha kuishusha na kuipandisha mara kadhaa. Grisi haifai kwa kuwa hunasa vumbi na mchanga. Koleo pia lisiguse fimbo hiyo, kwani mkwaruzo mmoja huweza kuchana sili na kuanzisha uvujaji wa oili.

Matope nayo ni adui. Kikanyagio cha jeki kikizama kwenye ardhi laini hunaswa na kukataa kutoka. Ndiyo maana madereva wazoefu huweka vipande vya mbao imara chini ya jeki kabla ya kuziteremsha.

Betri isisahaulike. Pampu huweza kufyonza zaidi ya ampia 100, na vali pia hufunguliwa kwa umeme. Betri ikiwa dhaifu, vali hukosa nguvu ya kufunguka, oili hubaki ndani ya jeki na springi hushindwa kufanya kazi yake.

Betri nzima yenye chaji kamili husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikiwa chini mno ya hapo, heri kuwasha injini ili kuichaji kabla ya kujaribu tena. Waya wa athi uliolegea au kuota kutu pale unapofungwa kwenye chasisi huleta dalili zizo hizo.

Oili hukaguliwa jeki zote zikiwa juu. Anayejaza tangi jeki zikiwa chini hushangaa kuona oili ikifurika anapozipandisha, kwa sababu ile iliyokuwa ndani ya jeki hurudi tangini. Mitambo mingi hutumia oili ya giaboksi za otomatiki, lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Kuna pia kengele ambazo hulia ilhali jeki zote ziko juu. Kwenye mitambo inayopima shinikizo, baridi ya usiku huifanya oili kusinyaa na shinikizo kupungua. Dereva asimame mahali salama na kubonyeza tena kitufe cha kupandisha jeki zote ili kurejesha shinikizo hilo.

Iwapo kengele itarudi baada ya mwendo mfupi, huenda vali inavujisha oili kwa ndani au swichi ya shinikizo imeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kwenye mitambo ya springi, taa ya jeki husika huonyesha pa kuanzia. Pale ambapo swichi huunganisha waya na athi jeki inaposhuka, uchunguzi ni rahisi: waya huchomolewa kwenye swichi. Taa ikizima ilhali jeki iko juu, swichi ndiyo mbovu. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na kugusa chasisi mahali fulani, au kasoro iko kwenye kisanduku cha kudhibiti mtambo.

Hata hivyo, sheria moja haina mjadala. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki hizo pekee. Mitambo mingi ina njia ya kufungua vali kwa mkono umeme unapokosekana, na vali hiyo ikifunguliwa gari huweza kushuka ghafla na kumponda aliye chini.

Aidha, magurudumu ya nyuma yasiinuliwe hadi yakaachana na ardhi. Breki ya kuegeshea hushika magurudumu hayo, na yakielea hakuna kinachozuia gari kusukumika na kuziangusha jeki. Ardhi ikiwa na mteremko mkali mno, dawa ni kuhamisha gari, wala si kuzirefusha jeki zaidi.

Je, kengele yaweza kuzimwa kamwe? Dereva aliyejionea kwa macho kwamba jeki zote ziko juu, na akathibitisha kwamba swichi ndiyo inayodanganya, anaweza kuchomoa waya wa swichi hiyo ili afike kwenye gereji. Lakini sharti asimame njiani mara kwa mara akague, kwa maana tangu hapo macho yake ndiyo kengele pekee iliyosalia.