Dakota Haiendeshwi Ka Subaru

Miezi saba sasa nalala saa nane usiku ju ya ndege yenye ilipaa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Najenga Dakota, ile Douglas DC-3, ndani ya FlightGear, simuleta ya bure yenye msee yeyote anaeza fungua faili zake na aongeze ndege yake. Na nataka ikuwe Dakota yenyewe. Si kitu inakaa Dakota.

Kuchora si ngori. Unaingia Blender, programu ya kuchora 3D, unaweka michoro ya ndege ikiwa imetazamwa mbele, kando na juu, halafu unafuata mistari. Wiki ya pili mabeshte wa Umoja waliicheki wakasema imeiva. Lakini bawa lilikuwa linanisumbua. Nililichora limenyooka kutoka mwilini hadi kwa ncha, na Dakota haiko hivo. Kati ya zile injini mbili bawa limenyooka sare. Kutoka hapo kwenda nje, makali ya mbele yanarudi nyuma, ya nyuma yanabaki karibu kunyooka, na bawa linaanza kuinuka pole pole. Msee alikuwa anaziona kitambo akicheki hiyo pembe imekosewa ataskia tu kitu haikai fiti, hata ashindwe kukuambia ni nini. Nikafuta bawa lote. Magurudumu pia usicheze nayo: yakikunjwa, tairi zinabaki zimechungulia chini ya injini, na ile ya mkia haikunjwi kabisa.

Venye nilimaliza riveti nikapelekea Guka lapi.

Guka alikuwa uwanja wa ndege wa Embakasi miaka ya mwisho ya sitini, kupakia mizigo na kusaidia mafundi, wakati East African Airways ilikuwa bado inapaisha Dakota. Alivaa miwani, akanyamaza, akaweka kidole kwa skrini chini ya injini ya kushoto. "Mafuta yako wapi, kijana? Hii injini haijawahi kufanya kazi."

Akanieleza. Kila injini iko na silinda 14, zimepangwa duara kwa safu mbili. Ndege ikilala usiku, oili inashuka inajaa kwa silinda za chini. Asubuhi hauwashi hivo tu. Unasukuma propela kwa mkono, jani baada ya jani, ukiskiza mabega yako. Likigoma, unaacha, unaita fundi, ju ukilazimisha unavunja injini. Alisimama hapo sebuleni akaonyesha: mikono juu, mguu mmoja nyuma, anashusha jani, anatoka kando haraka, anarudi kushika lingine. Mzee wa miaka yake, na mwili ulikuwa bado unajua njia.

Hiyo usiku niliandika kodi upya. Sahii Dakota yangu ikikaa sana bila kuwashwa, lazima uzungushe propela kwanza. Halafu unashikilia swichi ya kwanza, unaskia gurudumu zito la stata likipanda sauti kutoka chini, na ikishika kasi ndio unagusa swichi ya pili ya kulishikanisha na injini. Jani moja, mawili, moshi, silinda chache zinakohoa, zingine zinaitika.

Kuipaisha ndio kazi imenikula wiki mob. Tabia yote ya ndege iko kwa jedwali za namba zenye JSBSim, ile programu inapiga hesabu za vile ndege inaruka, inasoma. Injini moja inatoa nguvu ya farasi 1,200, na propela zote mbili zinazunguka upande mmoja, so ukizipea moto pua inavuta kushoto. Nilipunguza huo mvuto ju mabeshte walikuwa wanatoka barabarani kila saa. Manze, huo ulikuwa uongo. Nikaurudisha. Msee ajifunze kufunga gurudumu la mkia, aongeze moto pole pole, na akae macho na pedali ya kulia. Ukiwa uwanja wa Wilson, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na lami inaisha mapema kuliko ukiwa Mombasa.

Juzi nikampelekea tena. Aliskiza injini zikiwaka, macho amefunga, akatingisha kichwa polepole. Nikampeleka ndani ya kabini, tukasimama kwa mlango wa nyuma tukiangalia mbele.

"Hapa umekosea," akasema. "Nilibeba masanduku kwa hii sakafu. Ilikuwa mlima. Hii yako ni rahisi sana kupanda."

Nilipima. Mguu wa gurudumu la mkia ulikuwa mrefu kuliko kwa mchoro, kitu kidogo hata jicho langu halikuwa limeishika. Nimeukata. Kesho asubuhi naenda kwake tena na lapi, aipande.