Mgeni wa Ofisini na Jembe Asilopewa

Yuko kijana ambaye, baada ya kuandika barua za maombi kwa miaka miwili na kuhudhuria usaili mmoja baada ya mwingine bila ya kuitwa tena, hatimaye ameipata barua ya ajira, akashonesha nguo mpya, akaombewa dua na wazee wake, na akaripoti kazini siku ya Jumatatu kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Na leo, wiki ya tano ikiingia, ameketi mbele ya meza safi, kompyuta imewashwa, kalamu i mkononi, wala hana la kufanya. Huyu ndiye nitakayemzungumzia, kwa kuwa katika miaka niliyoitumikia idara ya utumishi nimewaona wengi wa hali yake, na kwa kuwa taabu yake, katika nchi ambayo maelfu wanalia kwa kukosa ajira, hudhaniwa kuwa ni neema, hata mwenyewe huona haya kumtajia mama yake.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkaripia mgeni mvivu, ilhali ukiitazama vyema utaona kwamba amri iliyomo ndani yake haikuelekezwa kwa mgeni hata kidogo. Anayeambiwa "mpe" ni mwenyeji. Mwalimu Julius Nyerere, alipoitaja katika maandishi yake juu ya Ujamaa ya mwaka 1962, aliongeza kwamba kwa desturi mgeni mwenyewe alikuwa akiliomba jembe kabla hajapewa, maana angeona aibu kuendelea kukaa bure. Ni kweli, lakini shambani jembe huegemezwa ukutani na kila mtu huliona, na magugu hayangoji idhini ya mtu ili yang'olewe. Ofisini jembe limefichika. Limo katika jalada lililofungiwa masjala, katika nywila ambayo fundi wa kompyuta bado hajaitoa, katika saini ambayo mwajiriwa mpya hana mamlaka ya kuitia, na zaidi ya yote limo kichwani mwa ofisa wa zamani ambaye, kwa kuifanya kazi ile peke yake miaka kumi na zaidi, hakuona haja ya kuiandika mahali popote.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini basi aajiriwe mtu ilhali hakuna kazi? Waama, kazi ipo, na mara nyingi ipo kupita kiasi. Nafasi huombwa katika ikama na bajeti mwaka mmoja, ikajazwa mwaka mwingine, na mtu akawasili wakati ambapo aliyeiomba amekwisha kuhamishwa au haja yenyewe imebadilika sura. Na hata pale ambapo haja ingali ileile, mkuu wa idara aliyeelemewa na kazi hupiga hesabu yake kila asubuhi: kuifanya kazi hii mwenyewe kutamchukua saa moja, na kumfundisha mgeni kutamchukua nusu ya siku, basi huifanya mwenyewe. Hesabu hiyo ni sahihi kwa siku moja, na ni hasara kubwa kwa mwaka, maana ile nusu ya siku ingetolewa mara moja tu, na saa moja anaitoa kila siku hadi atakapostaafu. Sijapata kumwona mkuu wa namna hii aliyekuwa na nia mbaya. Nimewaona wengi waliokuwa wamechoka.

Madhara yake si madogo. Katika miaka ya 1931 na 1932 Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, pamoja na wenzao, waliwachunguza watu wa Marienthal, kijiji cha viwanda karibu na Vienna nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa tegemeo la karibu wakazi wote kilikuwa kimefungwa. Mtu angetazamia kwamba watu wale, kwa wasaa walioupata, wangesoma zaidi. Lakini vitabu vilivyoazimwa katika maktaba yao vilipungua kwa kadiri ya nusu, ijapokuwa ada ilikuwa imeondolewa. Wanaume wengi waliacha kuvaa saa, wakawa wanatembea polepole, wakisimama simama njiani. Hawa walikuwa wamekosa kazi kabisa na ujira pia, na simlinganishi nao mwenye mshahara kwa kila jambo. Lakini hilo la vitabu nimelishuhudia kwa macho yangu. Mwajiriwa mpya huja na kitabu katika wiki ya kwanza, akiazimia kujiendeleza, na kufika wiki ya tano kitabu kimelala ndani ya mtoto wa meza, kwa kuwa wasaa usio na mpaka huila ile azma ambayo ungetumika kuitimiza.

Naye ana dhiki ambayo wale hawakuwa nayo, nayo ni kulazimika kuonekana yumo kazini. Philippe Rothlin na Peter Werder, waandishi wa Uswisi walioieleza hali hii mwaka 2007, walionyesha jinsi mtu wa namna hii anavyojifunza kulinyosha jambo la saa moja likachukua kutwa, ili asionekane hana shughuli. Kujisetiri huku ndiko ninakokuogopa kuliko uchovu wenyewe. Huanza kwa haya ya siku moja, kisha kila siku inayopita hulifanya neno la kweli liwe gumu zaidi kutamkwa, na mtu mwaminifu akajikuta anaishi katika uongo ambao hakuukusudia. Na maadamu yumo katika kipindi cha majaribio, huhofu kwamba akisema hana kazi ataambiwa nafasi yake haihitajiki. Huko Ufaransa jambo hili lilifika Mahakama ya Rufani ya Paris, ambayo mwezi wa Juni 2020 iliamua kwamba kumwacha mtumishi bila ya kazi ya maana hata afya yake ikadhurika kulikuwa ni unyanyasaji kazini.

Kwa mwajiriwa rai yangu ni hii: asiende kwa mkuu wake na neno "sina kazi", ambalo humtwisha mkuu mzigo mwingine wa kufikiri, bali aende na kazi yenye jina, aseme, "Nimeona taarifa za robo mwaka zinachelewa, niruhusu nikusanye takwimu za wilaya mbili." Na mkuu naye ampe mgeni, katika juma la kwanza, kazi moja nzima yenye mwanzo na mwisho, iwe ndogo namna gani, badala ya kumrundikia kanuni na miongozo ya kusoma.

Nilipoanza kazi mimi mwenyewe, katika ofisi moja ya mkoa, nilikaa wiki sita kando ya dirisha, nikikunjua jalada lilelile kila niliposikia hatua za mtu. Aliyenitoa hapo hakuwa mkuu wa idara, bali karani wa masjala, mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilimwamkia shikamoo kama kawaida, naye baada ya kuitikia akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, njoo unisaidie." Alinionyesha rafu ya majalada ya wastaafu ambao mafao yao yalikwama kwa sababu barua zao za kuajiriwa hazikuonekana, akanikabidhi ufunguo. Jioni ile nilikuwa nimezipata barua tatu. Nilitoka saa kumi na moja, basi la mwisho la mtaani kwetu limekwisha kuondoka, nikaenda kwa miguu hadi nyumbani.