Tau: Protini Inayodhuru Ikihama Makao Yake

Katika seli ya neva, mahali protini ilipo huweza kuamua kama itajenga au itabomoa. Mfano ulio wazi ni tau, protini iliyotambuliwa mwaka 1975 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani.

Seli ya neva ina sehemu kuu tatu: mwili wa seli wenye kiini, dendraiti, yaani matawi mafupi yanayopokea taarifa, na aksoni, mkia mrefu unaozipeleka kwa seli nyingine. Katika ubongo wenye afya, tau hukaa zaidi ndani ya aksoni. Humo mna mirija myembamba mno iitwayo mikrotubuli, ambayo juu yake mizigo ya seli husafirishwa kutoka kwenye mwili wa seli hadi ncha ya mkia. Tau hujishikiza kwenye mirija hiyo na kuiimarisha, kama mataruma yanavyoishikilia reli.

Ushikaji huo hudhibitiwa na vimeng'enya vinavyopachika fosfeti kwenye tau na vingine vinavyoibandua. Fosfeti ikizidi, tau huachia mirija. Hurundikana katika mwili wa seli na kwenye dendraiti, ambako kwa kawaida huwa haba, na kujisokota kuwa nyuzi. Hayo ndiyo mafundo aliyoyaeleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, baada ya kuuchunguza kwa hadubini ubongo wa mgonjwa wake, Auguste Deter; ugonjwa huo wa usahaulifu sasa huitwa kwa jina lake.

Mafundo hayo hayatokei ovyo. Mwaka 1991 Heiko na Eva Braak walionesha kuwa huanzia eneo dogo lililo jirani na hipokampasi, yakaingia hipokampasi yenyewe, ndipo yakaenea kwenye gamba la ubongo. Hipokampasi ndiyo inayounda kumbukumbu mpya. Kwa hiyo mgonjwa wa Alzheimer husahau ya jana huku akisimulia ya utotoni.

Leo tau yenye fosfeti hupimika hata kwenye damu. Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer, kinachoilinganisha tau hiyo na amiloidi, protini nyingine inayohusishwa na ugonjwa huo.

Mzee anayerudia swali lilelile, au anayepotea njia aliyoizoea, hajarogwa wala hafanyi kusudi. Mpelekeni hospitali mapema, kwa sababu baadhi ya visababishi vya usahaulifu, kama upungufu wa vitamini B12 na hitilafu za tezi ya thairoidi, vinatibika.