Kituo cha Watoto Kinahitaji Mikono: Kikundi Kijipange Vipi?

Vikundi vingi vya Nyacheki vikitaka kusaidia kituo cha watoto cha shule ya misheni, huanza na mchango: mabati, viti, debe la mahindi. Hayo ni mazuri, nasi hatuyakatai. Lakini hebu mfikirieni mlezi mmoja mwenye watoto ishirini. Mmoja amejikojolea, mwingine anamlilia mamake, na huko jikoni uji unafurika. Huyo bati litamsaidia nini saa hiyo? Anataka mtu.

Zamani shida hii haikuonekana sana. Katika boma la Mgusii mtoto mchanga alikuwa na omoreri, msichana mdogo wa pale nyumbani, mara nyingi dada yake, aliyembeba mchana kutwa mama akilima. Robert na Barbara LeVine, watafiti kutoka Marekani waliokaa Kisii miaka ya 1950, waliandika mengi juu ya malezi hayo. Leo omoreri yuko darasani, hasa tangu masomo ya msingi yawe bila karo mwaka 2003, na hiyo ni haki yake. Mtoto wa miaka 4 naye ana nafasi yake katika PP1. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya elimu ya awali na vituo vya kulea watoto. Sasa aliyebaki ni yule wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, ambaye mama yake anachuma majani chai au anauza ndizi sokoni. Ni kwa ajili ya huyo kituo kinawaita wanakikundi.

Wengi wetu tukisikia kujitolea tunafikiria risaga. Watu wanakusanyika, wanapalilia, wanakula, wanaenda kwao. Shamba halijali ni nani aliyelipalilia. Mtoto anajali. Wa umri huu hutulia kwa watu wachache anaowajua sura, sauti na hata harufu. Kila siku akikuta mgeni, analia asubuhi, hali vizuri, halali, au ananyamaza kabisa na watu wanasema eti ni mtoto mpole.

Kwa hiyo kikundi cha watu ishirini kisipeleke wote ishirini kwa zamu. Chagueni watano, kila mmoja na siku yake, Jumatatu hadi Ijumaa, muhula mzima. Wale kumi na watano waliobaki wafanye risaga katika mashamba ya hao watano. Hapo hakuna anayepoteza msimu kwa sababu ya wema wake, na hakuna wa kusema kwamba yeye ndiye anayefanya kazi peke yake.

Mwenye zamu afike mapema kabla ya wazazi, kwa kuwa saa ya kuachana ndiyo ngumu. Mama asitoroke kwa mlango wa nyuma. Amwage mtoto, aseme atarudi, aende. Kilio kitakuwepo, lakini mtoto anayetorokwa hujifunza kutomwachilia mama hata dakika moja. Baadaye ni kuwaosha mikono kwa sabuni na kuwapa uji wa wimbi. Karanga zisagwe kabisa, kwani karanga nzima inaweza kumkaba mtoto mdogo na kumwua. Hadithi na nyimbo ziwe za Kiegusii. Nyanya asiyejua kusoma ana hadithi nyingi kuliko kabati la vitabu, basi msimwache nyuma mkichagua watu.

Usalama usionewe haya. Mtu mzima asijifungie peke yake na mtoto, awe fundi, mzee wa kanisa au nani. Mtoto akabidhiwe tu kwa mtu aliyeandikwa katika daftari, si jirani anayesema ametumwa. Fimbo hairuhusiwi kabisa. Mwenye homa au kuharisha abaki nyumbani siku hiyo.

Shule za misheni hupata pia wageni wa ng'ambo wanaokuja kwa wiki mbili tatu. Tuwakaribishe, lakini tuwape kazi isiyovunja moyo wa mtoto: kutengeneza mabenchi, kuosha vikombe, kumsaidia mlezi. Kubembeleza na kulaza wawaachie wale watakaokuwepo mwezi ujao. Picha za watoto zisipigwe kabla mzazi hajakubali.

Na mwenye zamu akipata msiba au ugonjwa, apeleke habari kwa mlezi jioni ya kuamkia siku yake, ili mmoja wa wale wanne amshikie. Asimtume binti yake wa gredi ya tano badala yake. Huyo naye ana masomo siku hiyo.