Kuchagua Mkadiriaji wa Sarafu Kongwe: Mwongozo kwa Wahifadhi wa Subukia na Kwingineko

Utangulizi

Bonde la Subukia, lililopo kati ya Nakuru na Nyahururu, lilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi katika enzi ya ukoloni. Vibarua wa mashamba hayo walilipwa ujira kwa sarafu za Afrika Mashariki, wakalipia kodi kwa sarafu zizo hizo, na salio dogo likabaki nyumbani. Sarafu za Kenya huru zilipoanza kutolewa mnamo 1966, zile za zamani ziliondoka sokoni, lakini hazikutoweka. Hadi leo si ajabu kukuta ndani ya mkebe wa nyanya au babu ndururu yenye tundu katikati, sumuni iliyosagika, na shilingi yenye picha ya simba na milima nyuma yake.

Mjukuu aliyesoma ndiye huulizwa: je, vitu hivi vina thamani? Swali hili si la mzaha. Jibu la pupa laweza kumfanya mzee auze kwa bei ya chuma chakavu kitu chenye thamani, au atumie akiba yake kugharamia safari ya sarafu isiyo na mnunuzi. Makala haya yanakusudia kufafanua kazi ya kampuni za ukadiriaji, vigezo vya kuchagua mojawapo, na wakati ambapo hakuna haja ya kuzitafuta.

Ukadiriaji ni Nini?

Ukadiriaji, kwa maana inayotumika hapa, ni kazi ya mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, kuchunguza iwapo kitu ni halisi na kisha kutamka kiko katika hali gani. Baada ya uchunguzi, sarafu hufungwa katika kasha gumu la plastiki angavu lenye lebo inayotaja aina, mwaka, daraja na nambari ya cheti.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli pale ambapo mnunuzi anakishika kitu mkononi. Lakini mnunuzi aliyeko London au Chicago haioni sarafu ya Subukia ila kwa picha, na muuzaji hamjui. Hapo kizuri hakiwezi kujiuza, kinahitaji shahidi. Kwa hiyo, anachonunua mhifadhi kwa kampuni ya ukadiriaji si kasha la plastiki, bali ni ushahidi unaoaminiwa na mtu wa mbali.

Biashara hii ilishika mizizi Marekani. Kampuni ya PCGS ilianza kukadiria sarafu mnamo 1986, nayo NGC ikafuata mnamo 1987. Kampuni ya PSA ilianza kukadiria kadi za wachezaji wa besiboli mnamo 1991, ilhali PMG, inayoshughulikia noti, ilianzishwa mnamo 2005.

Nambari na Lugha Yake

Sarafu na noti hupewa daraja katika kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon ya mwaka 1949. Kadi za michezo hupimwa kwa 1 hadi 10. Katika kipimo cha sarafu, daraja la 60 na kuendelea ni la sarafu ambayo haikuwahi kutumika sokoni. Chini ya hapo, kadiri nambari inavyoshuka ndivyo uchakavu unavyozidi.

Hapa mwanafunzi wa lugha anapaswa kuwa macho. Istilahi za Kiingereza za madaraja haya zimezaliwa katika biashara, nayo biashara hupenda maneno matamu. Neno ambalo mtu yeyote angelitafsiri kuwa 'nzuri' hutumika kwa daraja la 4 hadi la 6, yaani sarafu iliyosagika hata sura ya mfalme imebaki kivuli. Anayemwambia mzee kwamba sarafu yake imeandikwa 'nzuri' ametafsiri neno na kupotosha maana. Tafsiri ya haki ingekuwa 'iliyochakaa sana lakini ingali inatambulika'. Huu ni mfano bayana wa jinsi tafsiri sisisi inavyoweza kumtia mtu hasara.

Aidha, daraja haliwi bei. Mkulima wa kahawa anafahamu kwamba AA ni jina la ukubwa wa punje. Ladha huamuliwa na vionjaji. Vivyo hivyo, nambari iliyo kwenye lebo inaeleza hali ya sarafu, si uadimu wake. Senti tano na senti kumi za 1936 zina jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala kwa chini ya mwaka mmoja, na wengi hudhani kwa sababu hiyo ni hazina. Ukweli ni kwamba zilitengenezwa kwa wingi, na zilizochakaa hupatikana kwa bei ndogo.

Vigezo vya Uteuzi

Kwanza, kampuni iwe na ujuzi wa aina ya kitu husika. NGC na PCGS zinafahamika kwa sarafu, PMG kwa noti. Anayehifadhi kadi za zamani za besiboli hulinganisha PSA, SGC na Beckett. Majina kuwa tofauti hakumaanishi kwamba wenye mali ni tofauti: tangu 2024, PSA na SGC zimo chini ya kampuni mama moja, ambayo ndiyo mmiliki wa PCGS pia.

Pili, kampuni iwe na dhamana iliyoandikwa. Shahidi asiyepoteza chochote akisema uongo ni shahidi hafifu. Kampuni zenye sifa huahidi fidia endapo kitu walichokithibitisha kitabainika kuwa bandia au kilipewa daraja lisilostahili. Masharti ya dhamana hiyo yasomwe kabla ya malipo, hasa sehemu inayoorodhesha yale ambayo haiyagusi.

Tatu, kumbukumbu zake ziwe wazi. Nambari ya cheti iweze kuhakikishwa katika intaneti, kwa kuwa walaghai wameshaghushi hata makasha na lebo. Kampuni kubwa pia huchapisha idadi ya sarafu zilizokadiriwa katika kila daraja. Takwimu hizo zisomwe kwa tahadhari. Sarafu moja ikipelekwa mara mbili yaweza kuhesabiwa mara mbili. Kwa upande mwingine, idadi ndogo ya sarafu za Afrika Mashariki huenda ikaonyesha tu kwamba wachache wamejisumbua kuzituma.

Nne, mkadiriaji asiwe mfanyabiashara wa vitu anavyovikadiria. Anayeipa sarafu daraja leo na kuiuza kesho ni hakimu katika kesi yake mwenyewe.

Tano, litazamwe soko. Kampuni bora ni ile ambayo wanunuzi wa kitu hicho huitambua. Ushahidi usiojulikana kwa mnunuzi hauongezi bei hata ukiwa wa kweli.

Mgema Akisifiwa

Hata shahidi mashuhuri hukosea. Mfano unaofahamika zaidi ni wa kadi ya mchezaji Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku ya Marekani kati ya 1909 na 1911. Nakala mojawapo ndiyo iliyopewa cheti cha kwanza kabisa cha PSA mnamo 1991, kwa daraja la 8, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mnamo 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara aliyekuwa ameimiliki, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane mpya. Kadi iliyokatwa haikustahili daraja hilo.

Funzo lililopo si kwamba kampuni zote ni za kulaghai. Funzo ni kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mnywaji mwenye busara huonja mwenyewe. Mhifadhi ajifunze kwanza kukadiria kwa jicho lake, kwa kulinganisha sarafu yake na picha za madaraja mbalimbali. Asiyeweza kutofautisha sarafu iliyotumika na isiyotumika hana uwezo wa kujua iwapo mkadiriaji amemtendea haki.

Kabla ya Kutuma

Sarafu isisuguliwe. Majivu, ndimu na sabuni huondoa utando wa miaka mingi na kuacha mikwaruzo. Sarafu ya namna hiyo kwa kawaida hurudishwa na maelezo ya dosari badala ya nambari, na thamani yake hushuka. Hali kadhalika, tundu la kiwandani la senti kumi si dosari, lakini rupia au shilingi iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni ni sarafu iliyoharibika.

Zifuatazo ni gharama. NGC na PMG zina makao yao Florida, PCGS California. Mwenye sarafu hujumlisha ada ya ukadiriaji, usafirishaji wa kwenda na kurudi, bima na ushuru. Ikiwa jumla hiyo inazidi ongezeko la bei linalotarajiwa, sarafu ibaki nyumbani. Kwa shilingi ya kawaida iliyochakaa, hesabu hii karibu kila mara huamua isitumwe. Ingawa shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi katika uzito wake, na zile za kuanzia 1948 hazina kabisa, robo hiyo haitoshi kulipia safari ya ng'ambo.

Hatimaye kuna sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, inaingia katika kundi hili.

Hitimisho

Tumeona kwamba kampuni ya ukadiriaji ni shahidi, na shahidi huchaguliwa kwa ujuzi, dhamana, uwazi, kutoegemea upande na kukubalika kwake. Tumeona pia kwamba sarafu nyingi zilizomo mikebeni hazihitaji shahidi, kwani thamani yake ni ya ukumbusho zaidi kuliko ya soko. Jambo hilo mzee aambiwe waziwazi, kwa heshima, kabla mpita njia hajamwahi kwa ahadi za utajiri au kwa mzani wa vyuma chakavu.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna jukumu letu. Istilahi za ukadiriaji bado hazijakita katika lugha yetu. Tukiziunda kwa kufuata maana badala ya kufuata neno, mwenye mkebe ataweza kusoma mwenyewe kile kilichosemwa juu ya mali yake.